Utazoeana na nani katika chuo kidogo chenye mambo yake?

Anayepata nafasi Reed, Oberlin au St. John's huanza kujiuliza hata kabla hajafunga sanduku: nitaendana na wale watu? Vyuo hivi vidogo vya sanaa huria vya Marekani, yaani vya masomo mchanganyiko badala ya fani moja, vina sifa ya kukusanya watu wa kipekee, na picha za mtandaoni zinazidisha hofu hiyo. Naielewa, ila naona imelenga pasipo. Wanachohitaji watu ili wazoeane ni saa za kukaa pamoja. Mavazi na rangi ya nywele havichangii sana.

Mwaka 2018 mtafiti Jeffrey Hall wa University of Kansas alitoa makadirio ya saa hizo. Kutoka kufahamiana tu hadi urafiki wa kawaida ni kama saa 50, urafiki kamili kama 90, na rafiki wa karibu zaidi ya 200. Saa za soga na chakula zina uzito kuliko za kazi. Sasa piga hesabu. Ukila chakula cha jioni na mtu yuleyule mara 4 kwa wiki, saa moja kila mara, muhula wa wiki 15 unakupa saa 60. Kwa hiyo kujisikia mpweke mwezi wa Oktoba, muhula ukiwa bado katikati, ni jambo la kawaida kabisa. Saa hazijatimia tu.

Ndiyo maana kosa kubwa hutokea siku ya maonyesho ya klabu, zinapojitangaza kwa wanafunzi wapya. Mtu anajiandikisha kwenye klabu kumi, kila moja anaenda mara moja, na saa zake zinatawanyika. Chagua mbili zinazokutana kila wiki, ukae nazo wiki sita kabla ya kuamua.

Oberlin ina vyama vya ushirika ambamo wanafunzi hujipikia wenyewe. Omba zamu ya kupika, kwa siku ileile kila wiki. Watu wanne wakisimama mbele ya gunia la vitunguu, mikono ina kazi na macho yana pa kuangalia, hivyo hata ukimya hauna aibu. Kwa mtu mwenye haya sijui mahali pazuri kuliko hapo. Chuoni St. John's semina huwa Jumatatu na Alhamisi usiku, na darasani watu huitana Bwana au Bibi kwa jina la ukoo. Utaratibu huo humsaidia mgeni asiyejua aanzie wapi. Ingia na swali moja kuhusu ukurasa mmoja wa kitabu kinachojadiliwa, kisha usikimbilie chumbani semina ikiisha.

Usijitengenezee vituko ili upendwe. Kwenye chuo kidogo namna hii utakutana na watu walewale miaka minne, na kuigiza muda wote huo kunachosha. Kama hunywi pombe, uliza mapema kuhusu bweni lisiloruhusu vilevi. Vyuo vingi vinalo, ila fomu za makazi hujazwa kabla hujafika. Na mwenzako wa chumba, zungumzeni wiki ya kwanza kuhusu taa, usingizi na wageni, wakati bado hakuna aliyeudhika. Simu za nyumbani nazo zipangie muda usiogongana na chakula cha jioni.

Ukitoka bwaloni ukidhani umewachosha watu, kumbuka utafiti wa Erica Boothby na wenzake, nao wa 2018: baada ya mazungumzo ya kwanza, watu hudhani wamependwa kidogo kuliko walivyopendwa kweli. Basi rudi kesho. Sema wazi: "Nitakuwa hapa saa kumi na mbili na nusu, tule pamoja?"

Kama umefanya haya na muhula wa pili unaanza bila hata mtu mmoja wa kukaa naye, nenda kwa mshauri wako Januari mzungumzie kuhamia chuo kingine. Vyuo vingi hufunga maombi ya wanaotaka kuhamia mwezi wa Machi, na barua za walimu huchukua wiki kadhaa.