Ko, Ko, Bu

Mzee wa Kitlingit, mmoja wa wenyeji wa asili wa pwani ya Alaska, aliinama kando ya nguzo ya totemu, gogo refu lililochongwa alama za ukoo, akaigonga kwa kifundo cha kidole. Ko, ko. Akashuka hadi shubiri moja kutoka ardhini, akagonga tena. Bu. "Umesikia, mwanangu?" Nilisikia. Nimeshika tezo kwenye majahazi ya Lamu tangu ujana. Mti uliooza haufichi sauti yake.

Tulikuwa Totem Bight, hifadhi ya nguzo hizo, kilomita kama 16 kaskazini ya mji wa Ketchikan, Alaska, na mvua ilikuwa ikinyesha. Pale hunyesha zaidi ya milimita 3,500 kwa mwaka. Mwerezi mwekundu una mafuta yake yanayozuia kuvu, ila mvua huyaosha polepole. Uozo huanzia penye udongo, au kileleni, ambako maji hupenya kupitia ncha za nyuzi. Kuvumwani huota kwanza, halafu miche, na mizizi ya miche huupasua mti. Ukipaka rangi nene juu ya mti mbichi umeufungia maji ndani. Ndiyo maana wachongaji wengi hukomba mgongo wa gogo na kutoa kiini: linakuwa jepesi, na likikauka halipasuki ovyo.

Nguzo za pale ni nakala. Wenyeji walikuwa wamehamia mijini kutafuta kazi, nguzo zikabaki zinaoza kwenye vijiji vitupu. Mwaka 1938 Idara ya Misitu ya Marekani ikaanza kuwaajiri wachongaji wenyeji. Vipande vya zamani vililazwa kando ya magogo mabichi, vikanakiliwa. Zana walizitengeneza kwa mikono, kwa mfano wa zile za kale. Rangi za asili, za makombe, grafiti, vijiwe vya shaba na mayai ya samoni, zilitengenezwa kwanza kama sampuli, kisha rangi za dukani zikalinganishwa nazo. Kazi hii naiheshimu sana. Bila vipande vile kuwahiwa, leo kusingekuwa na cha kunakili.

Nyumba ya ukoo iliyojengwa pale ina kunguru mkubwa aliyechorwa kwenye ukuta wa mbele, aliyebuniwa na Charles Brown wa kijiji cha Saxman, kiongozi wa wachongaji. Mlango ni tundu la duara dufu, la chini. Hupiti bila kuinama, wala hawapiti wawili kwa pamoja. Ndani ni chumba kimoja: moto katikati, jukwaa la mbao pande zote, nafasi ya watu 30 hadi 50.

Mzee aliniambia nipige magoti nipapase sakafu. Vidole vyangu vilikuta safu za vishimo vifupi, kama mchanga maji yakishakupwa. Kila kishimo ni pigo moja la tezo. Ukipiga kinyume cha nyuzi, tezo haikati, inang'oa kibanzi. Karibu na fundo moja la mti safu zilikoma, zikaanza upya kutoka upande wa pili. Hapo fundi alisimama, akazunguka, akaendelea.