Siku moja maishani mwangu: kupima nguvu ya Jua kutoka angani

Saa 2:00 asubuhi. Data za usiku zimeshashuka. Kifaa ninachokifuatilia, TSIS-1, kipo nje ya Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu tangu Desemba 2017. Ndani yake mna chemba nyeusi inayonyonya karibu mwanga wote, na umeme huifanya ibaki kwenye jotoridi lilelile. Kilango kikifunguka, Jua huipasha, basi umeme hupunguzwa. Kiasi kilichopunguzwa ndicho nguvu ya Jua. Ujanja huu naupenda mno, kwa sababu umeme tunajua kuupima barabara.

Saa 4:00. Naondoa athari ya umbali. Kati ya Januari, Dunia inapolikaribia Jua, na Julai, inapokuwa mbali, mwanga hutofautiana kwa karibu asilimia 7. Jua lenyewe, katika mzunguko wake wa miaka 11, hubadilika kwa asilimia 0.1 hivi tu! Baada ya hesabu hiyo, namba hutulia karibu na wati 1361 kwa mita ya mraba.

Saa 7:00 mchana. Mchoro umeshuka kidogo. Picha za Jua zinaonyesha kundi la madoa likipita katikati. Hata hivyo, miaka yenye madoa mengi ndiyo Jua hung'aa zaidi, maana mabaka angavu yanayoandamana nayo huongeza mwanga kuliko madoa yanavyoupunguza.

Saa 9:00. Kuchakaa. Miale ya urujuanimno huharibu weusi wa chemba polepole. Ndiyo maana zipo nne: moja hutumika kila siku, nyingine hufunguliwa kwa nadra ili ziisahihishe.

Saa 10:00 jioni. Kikao kuhusu kifaa kitakachofuata. Nimelisema kwa nguvu zote: lazima kiruke hiki kikiwa bado kinafanya kazi. Vifaa vya zamani vilisoma kama 1365, kwa kuwa mwanga uliotawanyika ndani yake ulizidisha vipimo. Bila kuvilinganisha na vipya vikiwa angani pamoja, tungedhani Jua limefifia. Rekodi iliyoanza mwaka 1978 na setilaiti ya Nimbus-7 imefika hapa kwa kupokezana hivyo. Ndiyo inayotuwezesha kusema kwamba Dunia imezidi kupata joto ilhali nguvu ya Jua haikupanda. Pengo moja tu likiingia, jibu hilo litakuwa gumu kulitetea, nami sikubali tulipoteze.