Mtu pekee aliyetulia pichani

Jumapili usiku. Viatu viko nje vinakauka, miguu inaniuma, na betri mbili ziko kwenye chaja zikipepesa taa nyekundu. Nilikusudia kuandika kuhusu matembezi yetu ya picha siku ileile ya kwanza, wiki tatu zilizopita. Sikuweza. Kuna picha moja inayonihusu ambayo ilibidi niimeze kwanza, na haikuwa laini kooni.

Nianze na mipango, maana kwetu sisi wapiga picha wa ridhaa mipango ni nusu ya raha, na ugomvi karibu wote huishia hapo. Tuko tisa. Hakuna anayelipwa hata senti kwa picha zake. Yupo mhasibu, yupo mwalimu, yupo mzee mmoja mstaafu ambaye bado anatumia kamera ya filamu, yupo dada mmoja mpole ambaye huongea labda mara mbili kwa siku, na yupo kijana wetu ambaye hana kamera kabisa, anapiga kwa simu, na hutushinda mara nyingi kuliko tunavyopenda kukiri.

Swali la kwanza huwa ni saa ngapi. Mhasibu alitaka tukutane saa tatu asubuhi, "watu wawe wameamka vizuri." Saa tatu! Nikamwambia kaka, saa tatu tutakuta mwanga umeshamalizwa na waliowahi. Akasema mwanga ni mwanga. Hapo ndipo nilipotoa hesabu. Anga inazunguka digrii 15 kwa saa. Aliye karibu na ikweta huliona jua likipanda karibu wima, kwa hiyo ule mwanga wa rangi ya asali, jua likiwa bado chini ya digrii kama 6 kutoka upeo wa macho, unamwishia ndani ya dakika 25 hivi. Ukienda mbali kaskazini au kusini, jua hupanda kimshazari na mwanga ule hukaa zaidi. Wenzetu wa Norway wakati wa kiangazi wanaweza hata kubishana kwanza halafu ndio waondoke. Kisha kuna ule wa buluu unaotangulia, kabla jua halijatokeza, ambao nao hauna subira na mtu. Nikashinda. Tukakubaliana tuwe tumeshasimama kwenye nafasi zetu saa kumi na moja na nusu alfajiri, na mhasibu ndiye aliyewahi kuliko wote, akiwa na uso wa mtu aliyeonewa.

Mambo mengine yalipita haraka: nani ana gari, nani ana tochi, tusimulike machoni mwa wenzetu, mtu asikatize mbele ya lenzi ya mwenzake. Ila sharti la mwisho lilileta kelele. Mzee alipendekeza kwamba kila mmoja alete picha tatu tu siku ya kuonyeshana. Tatu, basi. Mimi huwa narudi na mamia. Nilimwuliza, "Mzee, na zile nyingine tuzifanye nini?" Akajibu, "Hizo ni zako, mwanangu. Kaa nazo."

Tulikwenda bwawani. Giza lilikuwa bado linashikika, ukungu umelala juu ya maji kama shuka lililosahaulika kutandikwa, na ng'ambo ya pili ndege wa majini walikuwa wamekusanyika kwenye matete, weusi, wamejikunyata, mamia yao. Tulijipanga ukingoni. Dada hakuja mbele. Alibaki nyuma yetu, hatua kama ishirini hivi, akafunga kamera yake juu ya miguu mitatu, akainama, akanyamaza. Nilidhani amechelewa akakosa nafasi. Nilimwonea hata huruma.

Sasa niseme tabia yangu. Mimi hupiga, nikatazama kioo cha nyuma ya kamera. Nikapiga tena, nikatazama. Nakuza, nachunguza kama macho ya ndege yametoka makali, narudisha, nafuta, napiga. Kwa Kiingereza kuna neno la kejeli kwa mtu wa namna hii, linamfananisha na sokwe anayeshangilia kitu alichookota. Nilikuwa nalijua neno hilo. Nilidhani linawahusu wengine.

Ndege waliruka wote kwa pamoja. Najua kwa sababu nilisikia: mshindo kama turubai kubwa linalopasuliwa, halafu upepo, halafu shata za wenzangu, vile vizibo vinavyofunguka kuingiza mwanga kwenye kamera, zikitatarika kushoto na kulia. Nilipoinua kichwa waliobaki walikuwa wawili, na hao nao walikuwa wanaondoka. Kwenye kioo changu kulikuwa na picha nzuri sana ya matete.

Nilijiliwaza kwamba watarudi. Hawakurudi. Nikapiga ukungu, nikapiga gogo, nikapiga kamba ya mtumbwi iliyoloa, na jua lilipochomoza nikalipiga mara themanini kana kwamba lilikuwa linaondoka nchini. Jumla picha 612. Mzee alipiga 11, kati ya 36 zilizokuwa kwenye filamu yake. Alikuwa na kipimo chake kidogo cha mwanga mkononi, anakielekeza kwenye maji, anasoma, anarekebisha, anasubiri. Jua likishakuwa kali hata hicho kipimo hukiweka mfukoni, kwa sababu ana kanuni ya zamani: siku isiyo na mawingu tundu la lenzi liwe f/16, na kasi ya shata ifuate namba ya filamu. Filamu ya 100, basi sekunde 1/100, au 1/125 ambayo ndiyo kamera yake inayo. Mara nyingine husimama dakika kumi hajagusa kitu, hadi unatamani kumtikisa.

Wiki moja baadaye tukakutana kuonyeshana. Mwalimu alituletea utaratibu wake wa darasani: neno "nzuri" ni marufuku. Ukitaka kusifu, sema jicho lako limekwenda wapi kwanza na likakwama wapi. Ni utaratibu mgumu kuliko unavyosikika. Tulizoea kutumiana picha kwa simu, zikibanwa njiani mpaka majani yote yanakuwa uji wa kijani, na kila mtu anajibu kwa kidole gumba. Hapa mtu anakaa mbele yako, picha imechapwa ukubwa wa daftari, na inabidi useme kitu.

Tatu zangu ziliwekwa mezani. Kimya kikachukua muda. Kijana ndiye aliyeanza, kwa adabu zote: "Kaka, zote umepiga ukiwa umesimama wima. Macho yako yako urefu uleule." Nikatazama. Kweli. Ukungu, gogo, jua, vyote vimeonekana kutoka futi tano na nusu juu ya ardhi, kama vile kamera ilikuwa imepigiliwa msumari kwenye paji la uso wangu. Yeye alikuwa amelala tumbo kwenye tope na simu yake, na ile kamba ya mtumbwi, kamba ileile niliyoipiga mimi, kwake ilikuwa imetanda pichani kama barabara inayoelekea kwenye jua. Nilimeza hilo. Lilikuwa dogo.

Kisha dada akatoa yake. Alileta moja tu, wala hakueleza kitu.

Alikuwa ameacha shata wazi nusu sekunde, mchana wa siku hiyo ukiwa bado haujazaliwa, ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, ikiwa 100, lenzi imebanwa hadi f/11. Ndege wote walikuwa wamegeuka michirizi, mamia ya michirizi ya kijivu inayopanda kutoka kwenye matete kwenda kulia juu, kama nywele zinazopeperushwa. Chini yake safu ya watu, na watu nao hawana sura: mmoja ana mikono minne kwa kuwa alikuwa anainua kamera, mwingine kichwa kimeyeyuka, mzee amebaki kama moshi wa koti. Na katikati, kamili, mkali kuanzia kisigino hadi kola, hajatikisika hata ukucha, yupo mtu mmoja. Ameinamisha kichwa. Ukingo wa shavu umepakwa mwanga hafifu wa kioo cha kamera yake.

Mhasibu alicheka kwanza, halafu wote, halafu na mimi kwa kuwa hakuna namna nyingine. Mwalimu akasema jicho lake limekwenda kwa mtu aliyeinama na limekwama hapohapo. Asante sana.

Mzee hakucheka. Akanieleza habari ya picha ambayo Daguerre, Mfaransa mmoja wa wavumbuzi wa upigaji picha, aliipiga Paris mwaka 1838, kutoka dirishani, ikionyesha barabara ya Boulevard du Temple. Barabara ile ilikuwa na pilika za watu, farasi na magari ya kukokotwa, lakini bamba la picha lilihitaji dakika kadhaa kuukusanya mwanga, na kila kilichotembea kilifutika. Akabaki mtu mmoja kwenye pembe ya barabara, kwa sababu alikuwa amesimama anang'arishwa viatu, pamoja na yule aliyemng'arishia. Inahesabiwa kuwa miongoni mwa picha za kwanza kabisa zenye binadamu. "Yule alitulia kwa sababu ya viatu," mzee akasema. "Wewe je, mwanangu?"

Usiku ule sikulala mapema. Nilikuwa na hasira na dada, jambo la kijinga, halafu na kioo chenyewe, jambo la kijinga zaidi. Kioo hakina umri mkubwa hivyo. Kamera ya kwanza ya kidijitali iliyoshikika mkononi, ile aliyoiunda Steven Sasson pale kwenye kampuni ya Kodak mwaka 1975, haikuwa na kioo. Ilikuwa na uzito wa karibu kilo 3.6, picha yake ilikuwa na nukta 10,000 tu, na kuiandika kwenye kanda ya kaseti kulichukua sekunde 23. Ukitaka kuiona, ulihitaji televisheni. Kioo cha nyuma kilifika mikononi mwa wanunuzi wa kawaida na kamera ya Casio QV-10, mwaka 1995. Kwa hiyo kwa zaidi ya miaka mia moja na hamsini watu wengi walipiga picha bila kujua wamepata nini, wakaenda nyumbani wakala wakalala. Vivian Maier, yaya aliyekuwa akipiga picha mitaani Chicago siku zake za mapumziko, aliacha filamu nyingi mno ambazo hata hazikuwahi kusafishwa. Nimesoma watu wakimsikitikia kwa hilo. Sijui kama mimi namsikitikia. Ninachojua ni kwamba alipobonyeza, alikuwa anatazama mtaa.

Basi leo, matembezi ya pili, nilibandika mkanda mweusi juu ya kioo. Sitaki kusema uongo kwamba mambo yalikuwa mazuri. Nusu saa ya kwanza nilikuwa kama mtu aliyeacha sigara: kidole gumba kinakwenda chenyewe kwenye kitufe cha kutazama, macho yanashuka, yanakuta mkanda. Nilishuka hivyo labda mara hamsini. Mhasibu alihesabu kumi na tatu kisha akachoka. Mbaya zaidi, gurudumu la juu lilikuwa limejizungusha ndani ya begi, ISO ikakaa 6400 asubuhi nzima na mimi sina habari, ingawa namba hiyo ilikuwa inaonekana wazi kwenye tundu la kuchungulia kama ningejali kuisoma. Nimezipakua jioni hii. Chengachenga tupu, kama nimepiga kupitia mchanga.

Lakini zilikuwa 74, siyo 612. Na kwa kuwa sikuwa na kazi kati ya picha moja na nyingine, nilianza kuona vitu vya ajabu. Kwamba mzee huhesabu kimyakimya kwa midomo kabla hajabonyeza. Kwamba ndege kabla ya kuruka hunyoosha shingo, mmoja, halafu watatu, halafu kundi zima, na una sekunde mbili au tatu za kujiandaa kama unawatazama wao. Nilipoona shingo zile nilipiga goti kwenye tope, mara ya kwanza tangu nianze mchezo huu, nikavuta pumzi, nikasubiri. Picha hiyo ipo. Ina chenga, imepinda kidogo kushoto, na mkono wa kijana umeingia pembeni. Itakuwa moja ya tatu zangu.

Nilimwendea dada tulipokuwa tunakunja vifaa, nikamwambia naomba nakala ya ile picha yake, niichape kubwa. Alinitazama kuona kama natania. Akasema, "Nilikuwa naiogopa. Nilidhani hutakuja tena." Hayo yalikuwa maneno yake ya siku nzima, ukiondoa salamu.

Matembezi yajayo tumepanga Jumamosi ya mwisho wa mwezi, safari hii usiku, taa za barabarani na magari, kila mtu na miguu mitatu yake. Mwalimu ataleta koti la mvua la ziada, mhasibu ameomba tuanze saa ya kistaarabu na kwa mara ya kwanza kila mtu amekubali. Ule mkanda mweusi nimeuweka wote kwenye begi. Kijana ametuma ujumbe sasa hivi anaulizia kama utanata vizuri kwenye simu.