Ameapa kwa Hasara Yake

Bwana asifiwe, wapendwa.

Wiki hii nimelemewa na ombi la aina moja, kutoka kwa wenzetu wanaonunua na kuuza kwenye masoko ya fedha mtandaoni. Mtu ananiandikia usiku: "Mtumishi, niombee, biashara yangu iko wazi na soko linanigeuka." Namuuliza kikomo cha hasara, yaani ile bei ambayo ikifikiwa biashara inafungwa, alikiweka wapi. Jibu linakawia. Mwishowe linakuja: alikiweka, soko lilipokikaribia akakisogeza, likakaribia tena akakiondoa kabisa. Sasa anataka Mungu akae pale kilipokuwa kikomo.

Nimeona ulimi wangu mzito kusema amina. Si kwamba Mungu hajali fedha zetu, anajali. Ila wiki nzima nimekuwa katika Zaburi ya 15, pale panapoulizwa ni nani atakayekaa katika hema ya Bwana, na miongoni mwa sifa za mtu huyo imo hii: "Ingawa ameapa kwa hasara yake, hayabadili maneno yake." Siku zote nilikuwa nikiisoma nikiwaza madeni na mikataba. Safari hii niliisoma chati ikiwa mbele yangu.

Kikomo ulikiweka ukiwa umetulia, kabla moyo haujaanza kwenda mbio. Ulisema: bei ikifika hapa, nimekosea, natoka. Hilo ni neno lako, ndugu. Hakuna aliyelisikia ila Mungu, na ndiyo maana kulivunja ni rahisi hivyo. Tazama basi, zaburi haisemi mwenye haki hapati hasara. Inasema akiipata, neno lake linabaki lilelile. Tunaomba tuwe waaminifu katika mambo makubwa, na hapa umepewa jambo dogo kabisa la kuanzia, mstari mmoja kwenye skrini, nao ukausogeza.

Hesabu nayo haina huruma. Ukihatarisha asilimia 2 ya mtaji kila mara, ukapigwa mara kumi mfululizo, unabaki na kama asilimia 82. Ukihatarisha asilimia 20, mara hizo kumi zinakuacha na chini ya asilimia 11. Na aliyepoteza nusu ya akaunti anahitaji faida ya asilimia 100 ili arudi tu alipoanzia. Hakuna mfungo unaobadilisha hesabu hiyo. Kikomo chenyewe si ngome pia: tarehe 15 Januari 2015, Benki Kuu ya Uswisi ilipoacha ghafla kuilinda bei ya faranga 1.20 kwa euro moja, soko liliruka vikomo vya wengi, wakatolewa mbali kabisa na walipopanga. Ndiyo maana kiasi unachoingia nacho ni sehemu ya kujitawala.

Kuhusu hamasa nitasema kidogo, maana hamasa tunayo ya kutosha. Mwaka 2018 mamlaka ya masoko ya Ulaya ilieleza kwamba asilimia 74 hadi 89 ya akaunti za wateja wa kawaida katika biashara za aina hii zenye mkopo wa dalali hupoteza fedha. Sidhani watu wale walikosa ari. Hata Sauli kule Gilgali hakukosa ari. Alishindwa kungoja, akatoa sadaka mwenyewe, na alipomaliza tu, Samweli huyo akatokea.

Lakini kuna linaloniuma kuliko hayo, na naomba mnivumilie. Mnakumbuka benki ya Barings ya Uingereza, iliyokuwapo tangu 1762 ikaanguka mwaka 1995. Nick Leeson, aliyekuwa akiifanyia biashara kule Singapore, alificha hasara katika akaunti namba 88888, akawa anaongeza dau ili airudishe, hadi ikafika pauni milioni 827. Katika hilo lote, naogopa zaidi ule ufichaji. Hasara iliyofichwa hudai kurudishwa haraka, kabla mtu hajajua, na haraka hiyo ndiyo inayounguza akaunti.

Wako kati yetu wenye 88888 zao. Mke hajui. Mume hajui. Fedha ilikuwa ya nyumba nzima, na mtu anakesha na mishumaa ya chati, ile michoro ya bei kwenye skrini, huku mwenzake akidhani anafanya ibada. Kaka yangu, dada yangu, acha. Usifungue biashara nyingine Jumatatu kabla hujasema. Keti na mwenzako leo, umwonyeshe salio kama lilivyo, bila kuongeza "lakini itarudi". Yakobo ametuambia tuungamiane dhambi zetu na kuombeana, na kwa utaratibu huo. Atakasirika, pengine atalia, nawe hutakuwa na la kujitetea.

Ukiona huwezi kuyaanza mazungumzo hayo peke yako, niite, nitakuja nikae nanyi.