Siku Moja Maishani Mwangu: Kuwatembeza Wageni Katikati ya Lisbon

Saa moja na nusu asubuhi nashuka treni itokayo Amadora katika stesheni ya Rossio, na kabla ya kunywa kahawa najaribu kwa soli ya kiatu vijiwe vyeupe vya chokaa vilivyotandazwa njiani, kwa kuwa mvua ikinyesha usiku huteleza mno na miteremko ya Alfama haipitiki na wazee.

Saa tatu na nusu kundi linakusanyika Praça do Comércio. Nawasimamisha upande wa mto, maana ndiko kisa kinakoanzia. Tarehe 1 Novemba 1755, Sikukuu ya Watakatifu Wote, watu wakiwa makanisani na mishumaa ikiwaka, ardhi ilitikisika. Waliokimbilia ufukweni wakakutwa na tsunami iliyopanda Mto Tejo, na moto ukauteketeza mji kwa siku kadhaa. Kasri la mfalme lilikuwa papa hapa.

"Kwa hiyo haya yote ni mapya, mwanangu?" ananiuliza bibi mmoja kutoka Mombasa. Aliyekulia karibu na Fort Jesus, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, ana haki ya kuuliza.

Saa nne tunaingia Baixa, mitaa iliyonyooka ambayo serikali ya Pombal, waziri aliyesimamia kuujenga mji upya baada ya tetemeko, iliigawa kwa mafundi: wafua dhahabu Rua do Ouro, washona viatu Rua dos Sapateiros. Ndani ya kuta mna fremu ya mbao zilizokingamana, gaiola, iliyokusudiwa kuyumba pamoja na tetemeko badala ya kuvunjika.

Kwenye lifti ya Santa Justa, ya mwaka 1902, natoa dakika tano za picha. Foleni yake haistahili zaidi. Muda huo nautunzia kanisa la São Domingos, lililoungua mwaka 1959, ambalo nguzo zake zilizomeguka kwa moto zimeachwa bila kufunikwa lipu. Nje nawaeleza kuhusu Wayahudi waliouawa mwaka 1506, japokuwa wapo waongozaji wanaopita hapo kimya.

Saa sita tunaagana Largo do Carmo, ambako tarehe 25 Aprili 1974 Marcelo Caetano, waziri mkuu wa utawala wa kidikteta, alisalimu amri kwa wanajeshi waliopindua serikali, na mwaka uliofuata Msumbiji, koloni la Ureno, ikawa huru.

Saa nane na nusu nina Wabrazili, ambao wanashikilia kwamba dhahabu ya kwao ilisaidia kuijenga Baixa upya. Siwapingi, ila mjadala unatuchelewesha kwa nusu saa nzima.