Noti Iliyozuiwa Jukwaani

Nimerudi Unguja baada ya miaka 18 ya kazi Maskati, na ingawa moyo uliniuma kuikuta Beit al-Ajaib, lile jumba la kale la masultani, haijasimama kama nilivyoiacha kabla ya kuporomoka Desemba 2020, lililonishtua kuliko yote ni kumwona mwanamke mtu mzima akizuiwa asimtunze mwimbaji wa taarab, yaani asimpelekee noti wakati anaimba.

Mpwa wangu alinipeleka katika ukumbi mmoja wa Mji Mkongwe kusikiliza kikundi cha vijana. Udi, kanuni ile ala ya nyuzi, fidla na vidumbak, zile ngoma ndogo, viliwekwa bega kwa bega na gitaa la besi, saksafoni na dramu. Binti aliyeimba ndiye aliyepiga udi, jambo ambalo enzi zetu lilikuwa nadra, kwa kuwa wanawake waliachiwa sauti na wanaume wakashika ala. Walianza na mdundo wa kidumbak, wakauingiza katika rege, kisha fidla ikawarudisha taratibu kwenye maqam, ule mpangilio wa sauti wa muziki wa Kiarabu, nami nikajikuta nimeshika kifua.

Sikubaliani na wazee wenzangu wanaosema vijana hawa wanaharibu. Taarab haikuwahi kuwa ya sehemu moja: ilikuja kasrini na ladha ya Misri, mwimbaji Siti binti Saad akaiimba kwa Kiswahili na mwaka 1928 akavuka bahari hadi Bombay kurekodi santuri, na rumba nayo ikapata nafasi yake. Kidumbak chenyewe, pamoja na besi yake ya sanduku la chai, kilidharauliwa kama muziki wa harusi za Ng'ambo, mitaa iliyo nje ya Mji Mkongwe, za wasiomudu kualika kikundi kikubwa. Leo kinapandishwa jukwaani kwa heshima na vijana ambao baadhi yao wamesomeshwa ala katika chuo cha Dhow Countries Music Academy kilichoanzishwa mwaka 2002, na hilo ni jema.

Basi binti alipofika kwenye ubeti wenye fumbo, bibi mmoja aliyevaa kanga aliinuka na noti ya elfu kumi aliyoikunja kwa urefu, akaenda mbele kwa ule mwendo tunaoujua, hatua moja kwa kila pigo. Kijana wa ukumbi alimwekea mkono mbele na kumwambia arudi akae kwa sababu anawakinga watu wanaorekodi kwa simu. Bibi akarudi, noti bado mkononi.

Mwimbaji aliliona hilo. Aliweka udi chini, akateremka, akaipokea noti kwa mikono miwili na kuurudia ubeti mbele ya bibi. Fidla na kanuni zilimfuata papo hapo, lakini dramu na besi, ambazo zilikuwa zimepangiwa kuumaliza wimbo, zilisonga mbele, na kwa mapigo kadhaa tukasikia nyimbo mbili zikigombana. Kisha mpiga dramu akanyanyua mikono, besi ikanyamaza, na vidumbak vikabaki peke yake na sauti ya yule binti.

Waandaaji wanapaswa kuelewa kwamba kutunza si kumlipa mwimbaji. Anayetunza huuchukua ubeti, akaufanya wake, akamfikishia mtu aliyekaa pale pale ukumbini, na wapigaji hulazimika kurudi walikotoka, ndiyo maana wimbo mmoja wa harusini ungeweza kutuchukua nusu saa. Ukiupa wimbo huo dakika tano na ukawakalisha wasikilizaji wote vitini, umemkata ulimi yule aliyekuja kuutumia. Vijana hawa wanaweza kuchanganya mdundo wowote wa dunia, ila wapewe hadhira iliyoachiwa kujibu.

Kwa hiyo, ndugu mnaorudi, msiishie kuusikiliza muziki huu katika hoteli za kitalii, ambako watu hula huku wamempa mpiga kanuni mgongo. Ombeni mwaliko wa harusi Ng'ambo, mwende na noti ndogondogo, mkae mbele, na atakayewazuia mwambieni kwa adabu kwamba hapo ndipo mahali penu.

Tulipotoka nilimwamkia yule bibi, nikamuuliza ubeti ule alikuwa akimpelekea nani. Aliweka sawa kanga yake na kunijibu, "Alikaa safu ya pili, mwanangu, na keshasikia."