Siku yangu kwenye vilima vya chai

Watu wakisikia kwamba kazi yangu ni kupeleka wageni milimani kwa baiskeli, jibu lao ni moja: "Kumbe unalipwa kwa kutembea!" Hata mama mkwe alilisema hilo mbele ya ukoo mzima, nami nikanyamaza kwa heshima yake. Basi nawaandikia Jumamosi iliyopita ilivyokwenda, tangu giza hadi giza.

Saa kumi na nusu alfajiri. Niko nyumbani Githogoro, jijini Nairobi, jirani na msitu wa Karura. Baiskeli zangu nane zinalala kwenye kibanda cha mabati, na kabla sijanywa chai nimeshazipitia zote kwa tochi. Tairi nazibonyeza kwa kidole gumba. Siku ya njia za mawe sizijazi upepo kupita kiasi, maana tairi ngumu mno hurukaruka na kumtupa mtu. Breki ndizo zinazoninyima usingizi. Mteremko wa Tigoni, kule kwenye mashamba ya chai ya Limuru, ukilowa, breki iliyokwisha raba haimsimamishi hata mtoto, kwa hiyo kila baiskeli naisukuma, nabana breki ya mbele, na gurudumu la nyuma lisipoinuka siiachi hadi liinuke. Cheni ya namba nne niliipima nikaona bado ina miezi michache.

Saa kumi na mbili na nusu, langoni Karura. Wageni ni sita: mama mmoja na bintiye wa chuo kikuu, mume na mke kutoka Ujerumani, kijana wa benki, na mzee wa makamo aliyevaa nguo mpya za baiskeli kuanzia kofia hadi viatu. Simpeleki mtu milimani kabla sijamwona msituni. Magari huishia kwenye maegesho, njia ni za udongo mwekundu, na njia panda zina namba, kwa hiyo mtu anaweza kukosea bila kuumia wala kupotea. Nusu saa hiyo sitazami ndege wala kima. Natazama mikono na miguu: nani anabana breki muda wote, nani anakodolea macho gurudumu badala ya njia, nani anabadilisha gia huku amekaza mguu. Mzee alibadilisha hivyo mara tatu, na mara tatu cheni ikalia kama mfupa unaovunjwa.

"Mzee, legeza mguu kidogo kwanza, ndipo ubadilishe," nikamwambia.

Akanijibu kwamba alianza kuendesha baiskeli kabla mimi sijazaliwa.

Tulipopumzika niliwaeleza kwamba msitu huu ulikuwa umeanza kugawiwa ili zijengwe nyumba. Januari 1999 Wangari Maathai, mtetezi wa mazingira, alikuja kupanda mti hapa, akapigwa hadi akavuja damu kichwani. Hilo nalisema kila safari, hata wageni wakiwa na haraka. Watoto wangu wanakula kwa sababu msitu huu ulisimama.

Saa mbili tukapakia baiskeli kwenye pikapu. Barabara ya Limuru simpitishi mtu kwa baiskeli hata anilipe mara mbili.

Saa tatu na robo, Tigoni. Hapa ni zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi ya ukungu baridi inauma masikio. Njia za ndani ya mashamba ya chai hazipitwi bila ruhusa. Ilinichukua miaka kuzungumza na wasimamizi, mmoja baada ya mwingine, hadi nikapata mzunguko ambao gari pekee unalokutana nalo ni trekta ya kubeba majani. Ukisimama husikii injini, unasikia wachumaji wakiitana kutoka mstari hadi mstari. Chai ya kwanza Kenya ilipandwa huku Limuru mwaka 1903. Yule binti aliuliza kwa nini vichaka vyote viko bapa juu kama meza, na nikafurahi, kwa sababu wengi hupita bila kuuliza. Chai ni mti. Ukiuacha utakupita kimo mara kadhaa. Hukatwa ili mkono wa mchumaji uyafikie yale majani mawili na chipukizi, na mchumaji huyarudia baada ya wiki moja au mbili.

Saa nne na dakika kadhaa ndipo siku ilipokatika. Nilikuwa mbele kwenye mwinuko ule mkali kuliko yote, nikasikia mlio nyuma. Mzee alikuwa amesimama juu ya pedali kwa uzito wake wote akabadilisha gia. Cheni ya namba nne ilikatika, na ule mkono wa nyuma unaosogeza cheni ukaingia kwenye spoki na kuvunjika. Manyunyu yakaanza saa hiyo hiyo.

"Dada, mwite fundi."

"Fundi ni mimi, mzee."

"Basi mwite yule mwanamume wa gari aje anichukue."

"Hapa gari haliingii, mzee. Ndiyo sababu tukapachagua."

Akasema amelipia baiskeli, si gereji. Akasema baiskeli ni mbovu. Akasema pia kwamba kazi kama hii ina watu wake, na hapo yule mama akamgeukia akamtazama, asiseme neno.

Mkono wa gia ukivunjika, gia zimekwisha. Linalobaki ni kuifupisha cheni na kuifunga moja kwa moja kwenye safu moja ya meno ya friwili, baiskeli iwe ya gia moja kama Black Mamba, ile baiskeli nzito ya zamani ambayo babu alibebea maziwa. Kulisema ni rahisi. Pini ya cheni hutakiwi kuisukuma itoke yote. Lazima ibaki imeshika ukuta wa nje wa pingili kwa ncha tu, la sivyo kuirudisha kwa vidole vilivyoganda ni mateso. Ya kwanza ilinitoka yote. Niliitafuta kwenye matope kwa kiganja, nimepiga magoti, huku mvua ikiniingia shingoni. Yule Mjerumani mwanamke alivua koti akalishika juu ya mikono yangu. Nikapima, nikatoa pingili mbili zaidi ya inavyotakiwa, nikalazimika kuzirudisha. Mzee alikuwa ananihesabia dakika kwa sauti. Arobaini, kwa hesabu yake.

Nilipomaliza nilimpa baiskeli yangu, nami nikapanda namba nne.

Baada ya hapo sikutazama saa. Mtu wa gia moja kwenye vilima vile hana pa kupumzisha miguu. Ukipanda unasukuma kwa mgongo, ukishuka miguu haina la kufanya, na wote sita wanakutazama wewe ili wajue kama njia ni salama. Tulipita kanisa la mawe ambako Louis Leakey, mtafiti wa mabaki ya binadamu wa kale, alizikwa mwaka 1972. Kwa kawaida husimulia hapo robo saa. Safari hii nilisema sentensi mbili, na bado nasikitika.

Chakula tulikila kijijini, kwa nyanya mmoja anayetupikia githeri, mahindi na maharagwe. Wageni hushangaa kuona nyumba zimepangwa mistari iliyonyooka juu ya kilima. Nyanya mwenyewe ndiye huwaeleza, mimi natafsiri. Kuanzia 1954, wakati wa Hali ya Hatari iliyotangazwa dhidi ya Mau Mau, serikali ya kikoloni iliwaondoa Wakikuyu kwenye maboma yao yaliyotawanyika ikawakusanya kwenye vijiji vyenye mtaro na walinzi. Mama yake alichimba mtaro ule, yeye mtoto akimpelekea maji. Alionyesha kwa fimbo mahali ulipopita. Leo pana sukuma wiki.

Kurudi sikumbuki vizuri. Nakumbuka magoti.

Langoni Karura, wakati wa kulipa, mzee alipunguza shilingi 500 kwa ajili ya baiskeli mbovu. Sikubishana. Kijana wa benki alitaka kunijazia, nikakataa. Binti akaniomba nimwonyeshe siku moja jinsi ya kufunga cheni, na huyo nimempa Jumatano.

Saa moja usiku nilikuwa bado naosha matope. Mkono wa gia siwezi kuupata kabla ya Jumatatu. Kesho wamejiandikisha watu saba, na baiskeli nzima ni saba, yangu ikiwamo. Nikaipandisha namba nne kiti, nikaipima upya ile cheni fupi, nikaitia oili, nikaiegemeza mlangoni. Nitaiendesha mimi.